Shemeji Ndani ya Ukuta

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji amerudi. Nimekuta mavi yake juu ya kifuniko cha debe la unga, punje saba nyeusi, na kipande cha sabuni kimetafunwa pembeni kama biskuti. Sabuni! Mwenye njaa ya kweli angeanza na unga.

Naandika "shemeji" kwa mazoea. Namaanisha panya. Marehemu mke wangu alishika sana maneno ya bibi yake kwamba panya ana masikio mepesi, na ukipanga kumuua huku unamtaja jina, atakwenda kulipiza kwenye nguo zako. Kwa hiyo humu ndani hatukumtaja. Mimi nilizaliwa peke yangu, sina kaka, na mke wangu alilalamika miaka kumi na tisa kwamba kila mwanamke aliyeolewa ana shemeji wa kumtania isipokuwa yeye. Panya wa kwanza alipoingia, mke wangu akanitazama, akamtazama panya, akasema basi, huyu ndiye ndugu yako, mnafanana hata masikio. Tangu hapo ikawa shemeji kala mkate, shemeji kapita juu ya kabati. Tulikuwa watu wawili tu duniani tuliojua maana ya neno hilo. Tangu Julai nimebaki mmoja.

Jioni Mama Mwenye Nyumba alitukusanya uani, wapangaji wote, akiwa ameegemea mkongojo. Akasema mtaa wa pili kuna mtu amelazwa kwa ugonjwa unaotokana na mkojo wa panya, na Bwana Afya atapita nyumba kwa nyumba siku ya Ijumaa. Mwenye panya aseme sasa, hakuna aibu. Tundu litazibwa kwa saruji, na vyombo vyote vitatolewa nje vipigwe jua, kila sanduku wazi. Akamuuliza Fundi wa cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Fundi akasema kwake hakuna. Akaniuliza mimi.

Nikasema kwangu kuko safi kama kioo.

Sijui kwa nini nilitaja kioo. Ningesema tu safi. Ila najua kwa nini nilidanganya. Ni hilo neno, kila sanduku wazi. Chini ya kitanda kuna sanduku la mke wangu, la kadibodi ngumu lenye kufuli. Nililifunga mwenyewe wiki aliyozikwa na sijalifungua tena, kwa sababu ndani yake mna harufu yake, na harufu ikishatoka hairudi. Dada yake ameshaniomba mara tatu sweta iliyomo humo, ile ya buluu ambayo mama yao aliifuma kwa mkono. Mara tatu nimemwambia ufunguo umepotea. Ufunguo uko kwenye kishada changu, pamoja na funguo za stoo ya shule ninayoitunza. Unaning'inia kiunoni mwangu hata wakati ninapomwambia.

Basi nimejipa siku nne. Shemeji ataondoka kimya kimya kabla ya Ijumaa, mimi na yeye tu, na sanduku litabaki lilipo.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza umefaulu nusu.

Nilikuja na vumbi la chaki kutoka shuleni, lile linalobaki chini ya maboksi. Nikalinyunyiza sakafuni jana kabla ya kulala, ili asubuhi nione nyayo zake na kujua njia anayopita. Na kweli nimeziona. Vidole vinne mbele, vitano nyuma, mkia umechora mstari katikati kama mwalimu anayepigia neno msisitizo. Zinatoka kwenye tundu nyuma ya kabati la chakula. Zinapita kando ya ukuta. Zinakata kona. Zinaingia chini ya kitanda.

Nikasimama na fagio. Nikaziangalia sana. Halafu nikaamua kwamba chaki huwa inapeperuka, nikafagia.

Sasa, mbele ya bomba la maji uani, Fundi alinisimamisha. Aliniuliza, kwa upole wa mtu aliyejiandaa, ni nani anayekwaruza ukutani kwangu tangu Jumapili, maana mkewe hasinzii. Nilikuwa na mswaki mdomoni. Akili ilikuwa bado kitandani. Nikajibu:

"Aa, huyo ni shemeji."

Nilipotema povu ndipo nikasikia nilichosema. Fundi alikuwa amepandisha nyusi hadi karibu na kofia. Akauliza kama atakaa sana. Nikasema hapana, natumaini ataondoka kabla ya Ijumaa. Akauliza kama analala vizuri, maana chumba ni kimoja. Nikasema huwa halali. Akasema pole sana, jirani, upweke ni kitu kigumu. Akachukua ndoo yake akaenda, mara mbili akigeuka.

Ningeweza kumfuata. Hatua sita tu. Ningesema, Fundi, ni panya. Lakini Fundi akijua, mkewe atajua, na mkewe akijua, Mama Mwenye Nyumba atapata habari kabla chai haijapoa. Na kuna jambo jingine, dogo. Neno lile si langu peke yangu nimgawie mtu bombani.

Nikajiambia atasahau. Fundi hupima kiuno cha mtu na kusahau kabla ya kuandika. Suruali zangu ni ushahidi.

Jumatano, 6 Machi

Siku mbaya. Naanzia wapi?

Gundi. Niliipaka kwenye kipande cha kadibodi na kukiweka nyuma ya kabati. Alfajiri nilikwenda kuangalia bila kuwasha taa, ili nisimshtue. Nikanasa mimi. Kandambili ya kushoto. Nikaivuta kwa fagio, fagio likanasa. Nikakanyaga fagio kwa mguu wa kulia ili nivute kandambili. Maelezo mengine hayana faida kwa yeyote. Niliachana na kandambili zote mbili, fagio, na soksi moja ambayo mke wangu aliitia kiraka cha uzi mwekundu kwa kuwa mweusi uliisha, akasema nani atakuona vidole. Hiyo soksi imeniuma. Nimeikata nikabakiza kiraka.

Hasira zikanipanda. Nikapiga magoti mbele ya tundu, nikasema kwa sauti ambayo sasa naona ilikuwa kubwa:

"Shemeji, umekula vya kutosha katika nyumba hii. Ukikaidi, Ijumaa haikukuti hai."

Upande wa pili cherehani ikanyamaza. Nilidhani uzi umekatika.

Alasiri, mpango wa pili. Niliwahi kusikia kwamba moshi wa pilipili kavu humtoa panya hata kama amejenga. Nikaweka makaa kwenye kopo, pilipili kiganja kizima juu yake, nikalisukuma kopo mbele ya tundu na kupepea kwa daftari. Hesabu yangu ilikuwa kwamba moshi utaingia ndani ya ukuta, shemeji atatoka upande wangu, nami nitamfunika na beseni.

Moshi uliingia ndani ya ukuta. Kisha ukatokea kwa Fundi.

Nilisikia chafya moja, halafu nne, halafu mlango. Nilipotoka uani, nami machozi yananitiririka, nilikuta mteja wa Fundi amesimama karibu na kamba ya nguo akiwa na suruali yenye mguu mmoja, anakohoa akiwa ameshika kiuno isianguke. Mke wa Fundi alikuwa amejifunga khanga puani. Fundi mwenyewe haoni kwa machozi. Mama Mwenye Nyumba alifika na mkongojo wake, akasubiri kikohozi kipite, akaniuliza kuna nini.

Nikasema napika.

Akauliza ni chakula gani hicho kinachopikiwa ndani ya ukuta. Nikasema ni mboga, nimezidisha kidogo. Mke wa Fundi akadakia kutoka nyuma ya khanga, anapikiwa shemeji huyo, mama, yule asiyelala. Akasema siku hizi watu wanapuliziana pilipili kama wadudu. Mama Mwenye Nyumba alinisogelea. Yeye ndiye aliyekuja na uji siku zile za msiba, akakaa nami bila kusema kitu, hata kikombe alikiosha mwenyewe.

"Mwanangu," akasema, "mficha maradhi, kilio humuumbua. Una jambo?"

Nikasema sina. Nilisema hivyo nikiwa natazama mkongojo.

Mke wa Fundi alitoka saa kumi kwenda kusuka nywele. Niliona anavyokwenda haraka, nikafikiri anakimbia moshi.

Alhamisi, 7 Machi

Nilikuwa nimesahau nani anamsuka.

Shemeji yangu ni msusi. Shemeji yangu wa kweli, namaanisha, dada wa mke wangu, ana saluni ndogo nyuma ya soko. Simu imelia shuleni nikiwa nahesabu mifagio. Hakusalimia. Huyu ambaye hata siku ya mazishi aliuliza kama nimekula.

Ameniambia kwamba jana, mbele ya wateja watano, mwanamke mwenye nusu kichwa kilichosukwa amempa pole kwa maisha anayoishi. Maisha gani, akauliza. Haya ya kwa shemeji yako, akajibiwa, chumba kimoja, hulali, na mwenzio ameapa kukuua kabla ya Ijumaa. Wateja wakageuka, hata yule aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia akatoa kichwa. Habari imefika nyumbani kabla yake. Mume wake amekunywa chai amempa mgongo.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, shemeji, huyo mwanamke ni nani? Miezi minane tu.

Hapo ndipo palikuwa pahali pa kusema. Palikuwa wazi kama mlango. Panya, shemeji, ni panya, dada yako ndiye aliyempa hilo jina. Nilifungua mdomo. Nikaona nikishalitoa neno lile litakwenda saluni, litachekwa na wenye vichwa nusu, na kufika kesho halitakuwa letu tena. Nikaona pia kwamba baada ya panya litafuata sanduku, na baada ya sanduku utafuata ufunguo.

Nikasema ni mke wa kaka yangu.

Halafu akasema, kaka yupi? Mama yako alizaa mara moja akasema hii inatosha. Dada yangu alikuimbia hilo miaka kumi na tisa.

Nikasema ni kaka wa mbali. Nikasikia mwenyewe jinsi lilivyo neno la kipumbavu.

"Nitakuja kesho kuchukua sweta ya mama," akasema. "Ufunguo uwe umeonekana au haujaonekana, nitakuja na nyundo. Baada ya hapo mimi sina shemeji."

Akakata.

Nimerudia kuhesabu mifagio. Mara ya kwanza ishirini na tatu, mara ya pili kumi na tisa.

Huyu mwanamke anacheka kama mke wangu. Sijawahi kumwambia. Kicheko kinaanza na kwikwi moja, kama mtu aliyepaliwa, kisha kinafuata chenyewe. Ni yeye peke yake aliyebaki nacho duniani, na tangu Julai hajacheka mbele yangu, nami nilikuwa nasubiri, nikidhani nina muda.

Usiniulize kwa nini, lakini nina mpango.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango ulikuwa huu. Kuamka mapema. Kulipeleka sanduku stoo ya shule kabla Bwana Afya hajafika na kabla shemeji hajafika. Kulificha nyuma ya madawati mabovu. Kisha kumwambia shemeji kwamba sanduku limeibwa. Mwizi hana uso, hakuna wa kumkasirikia. Sijivunii. Nimeahidi kuandika ukweli humu, kwa kuwa kwingine kote imenishinda.

Nililivuta kutoka chini ya kitanda. Kona moja ilikuwa na tundu la ukubwa wa yai, limezungukwa na makapi ya kadibodi. Nikaona. Sitasema sikuona. Nikageuza kona hiyo upande wa pili, nikafunga sanduku kamba mara tatu, nikalitia begani.

Uani nikakuta nusu ya dunia. Bwana Afya amewahi, amevaa buti, ana karatasi kwenye ubao. Mama Mwenye Nyumba yuko naye. Fundi yuko mlangoni. Mke wa Fundi, nywele mpya, akasema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika hadi barabarani kwamba ndio huyo, anamfukuza mwenzake na mzigo wake mapema watu wasione.

Na langoni anaingia shemeji. Ana kitana bado kwenye nywele na nyundo mkononi.

Aliliona sanduku. Alilijua. Walisafiri nalo wakiwa wasichana, kibandiko cha basi bado kipo.

"Unalipeleka wapi?"

Nilikuwa najiandaa kusema neno mwizi. Nilikuwa hata nimelianza. Kisha kitu kikatembea begani mwangu. Ndani ya sanduku, upande wa sikio, taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani. Nikapiga ukelele nikaachia. Sanduku likatua kwa kona mbovu, kona ikafunguka, naye akatoka, mnene, amechanganyikiwa na jua, na uzi wa buluu umemzunguka shingo. Akanipita katikati ya miguu.

"Shemeji!" nikaita.

"Nini?" akajibu dada wa mke wangu.

Nami nilikuwa nimenyoosha kidole kwa panya.

Watu wote waliona kidole kilipoelekea. Panya alikata ua, akaruka mfereji, akaingia kwenye rundo la matofali ya jirani. Fundi alivua kofia. Mkewe alimtazama panya, akanitazama mimi, akatazama kofia. Bwana Afya aliandika kitu kifupi. Mama Mwenye Nyumba akasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe ni wangu.

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu hadi hapo inachekesha.

Shemeji aliweka nyundo chini. Akapiga magoti kwenye vumbi akafungua kilichobaki cha sanduku. Juu gauni zilikuwa nzima. Katikati palikuwa na kiota, mviringo, nadhifu kuliko kitanda changu. Amekijenga kwa sweta. Alikuwa ameifumua uzi kwa uzi, buluu yote, akachanganya na karatasi na nywele. Mkono mmoja tu wa kushoto ulibaki mzima. Na harufu iliyotoka haikuwa ya mke wangu. Ilikuwa ya panya tu. Sijui tangu lini. Huenda tangu mwezi wa kumi nalala juu ya harufu ya panya nikiilinda isitoke.

Bwana Afya alimwambia asishike kwa mikono mitupu. Hakusikia. Alichukua ule mkono wa sweta, akaukung'uta, akaukunja.

"Mama aliufuma akiwa haoni vizuri," akasema. "Mara tatu nimekuomba."

Nikatoa ufunguo kwenye kishada nikampa. Sijui kwa nini. Sanduku lilikuwa wazi tayari. Aliupokea, akauangalia, akauangalia ulipokuwa umening'inia, kisha akaniangalia mimi, nikatamani niingie kwenye yale matofali.

Akaondoka bila kuaga. Nyundo ameisahau.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefundishwa usafi na wanawake wawili leo, na nimenyamaza.

Mama Mwenye Nyumba alikuja asubuhi na ndoo ya saruji, wavu wa chuma, na vipande vya chupa vya kuchanganya humo. Alikaa kwenye stuli akielekeza kwa mkongojo. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba Jumatatu aliniuliza, na kwamba Jumatatu kazi hii ingechukua saa moja.

Nilikuwa nimeshika fagio jipya nianze na mavi yaliyokauka chini ya kitanda, ndipo sauti ikasema mlangoni nisifagie makavu, vumbi lake ndilo linaloua, ninyunyize maji ya dawa kwanza, yalainike, kisha nifute kwa tambara. Shemeji. Amevaa glavu zake za kupakia rangi ya nywele, hadi viwiko. Ana ndoo.

Akasema hakuja kwa ajili yangu. Amekuja kwa ajili ya nyundo, ni ya mume wake. Halafu akapiga magoti akaanza kufuta.

Tulifanya kazi hadi adhuhuri. Tukatoa kila kitu nje. Godoro, masufuria, viatu vya kanisani vya mke wangu. Tukatupa unga wote, hata ule ulioonekana mzima. Nyuma ya kabati ukuta ulikuwa na ukungu mweusi hadi kiunoni. Mama Mwenye Nyumba akauliza nimekuwa navuta hewa hiyo tangu lini, nikasema nilidhani ni kivuli. Gauni tuliziloweka maji ya moto. Nilitazama maji yakibadilika rangi, na nilijua kinachoondoka humo, nikaacha kiondoke.

Tukiwa tunakamua gauni la mwisho, yeye upande mmoja mimi upande mwingine, nikamwambia. Sikupanga. Nilisema dada yako hakuwa na shemeji. Nikamweleza masikio. Nikamweleza alivyokuwa akimwachia ganda la mkate, akisema ndugu wa mume hafukuzwi na njaa, na alivyokuwa akibisha hodi ukutani kabla ya kuingia na mzigo wa kuni, ili shemeji ajifunike. Nikasema, kwa hiyo niliposema shemeji yuko kwangu sikusema uongo. Nilipokwambia ni wa upande wa kaka yangu nilikuwa karibu kabisa na ukweli.

Aliendelea kukamua. Nikajua nimeharibu tena.

Halafu kwikwi. Moja. Kama mtu aliyepaliwa.

Nikamwachia upande wangu wa gauni nikaenda kuangalia saruji kama imekauka. Ilikuwa bado. Nilikaa huko nikiiangalia mpaka alipomaliza kucheka, na alikawia kumaliza.

Wakati wa kuondoka aliniambia mume wake amesikia habari za panya, ameanza kuitika salamu. Akasema ule mkono wa sweta atauvaa saluni, mkono mmoja, wenye kuuliza waulize. Akasema nisitegemee kumwona hivi karibuni, msimu wa harusi umeanza na vichwa ni vingi. Lakini nikiwa na shida, niseme.

"Sema tu," akasema. "Kusema hakuna kazi, shemeji."

Ameniita shemeji.

Jumapili, 10 Machi

Nyumba inanukia dawa. Nimekaa.

Nimejaribu kuorodhesha nilichopaswa kufanya tangu Jumatatu na nikaona ni jambo moja tu, na lingeweza kutoshea kwenye pumzi. Sweta ingekuwa nzima. Kama ningempa shemeji mwezi wa nane angeivaa, ningemwona nayo, na pengine angenukia kama mke wangu, maana walikuwa dada. Hilo sikuwa nimelifikiria. Niliifungia ndani harufu, na aliyeinusa ni panya.

Fundi alikuja kuomba radhi. Nami nikaomba yangu. Tukaombana hadi chai ikaisha. Amesema atanishonea suruali bure, nikamwomba asijisumbue.

Naandika hapa kwa herufi za kusomeka: sitadanganya tena. Si Mama Mwenye Nyumba, si Fundi, na zaidi ya wote si shemeji. Tatizo likitokea nitalitaja kwa jina lake siku hiyo hiyo.

Jumatatu, 18 Machi

Hakuna tatizo.

Bwana Afya amepita tena. Ameshika ukuta, ameinama, amenusa, akasema ndiyo nyumba safi kuliko zote mtaani. Mama Mwenye Nyumba alifurahi. Ukungu umekwanguliwa na kupakwa chokaa. Unga mpya uko kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Ukuta hausemi kitu. Nimeegemeza sikio mara mbili tatu kuhakikisha, na ninachosikia ni cherehani tu.

Siku tisa sijamwona shemeji. Ni kweli nilikwenda saluni mara moja, lakini palijaa maharusi, nikapita kama mtu anayekwenda kwingine.

Leo nimempigia simu. Nilitaka kumsalimia tu. Akapokea huku mashine inanguruma, akasema shemeji, vipi, kuna shida? Nikasema hapana. Akasema basi vizuri, nina kichwa mkononi, tutaongea. Nikaona anakaribia kukata.

Nikasema nina kunguni.

Mashine ikazimwa. Akauliza wengi? Nikasema wengi mno. Akauliza wako wapi, kitandani? Nikasema kitandani, kwenye viti, hata mmoja nimemwona kwenye kalenda. Akasema pole, mbona hukusema mapema, unaona sasa, nilikwambia useme. Akasema nimefanya vizuri kusema. Jumamosi atafunga saluni saa nne, atakuja na birika mbili za maji ya moto na mumewe wa kubeba godoro, na tutashinda siku nzima, tukague mshono kwa mshono.

Nimeweka simu chini nikiwa na furaha ambayo sijaipata tangu Julai. Nimenunua majani ya chai ya watu watatu. Nimefuta vikombe.

Nilikuwa kwenye kikombe cha pili nilipokumbuka kwamba sina kunguni.

Sina hata mmoja. Baada ya usafi ule, sina hata sisimizi. Naye atakagua mshono kwa mshono, kwa miwani yake ya kazi anayoonea chawa kwenye vichwa vya watu.

Nimefikiri sana. Fundi ana kochi kuukuu ambalo wateja wake hukalia wakisubiri, na nimewaona wakijikuna. Kesho nitakwenda kupimwa ile suruali. Nitakaa muda mrefu. Nimeshaandaa kiberiti kitupu, nimekitoboa vitundu vya hewa.

Nadhani sita watatosha.